Albamu ya Shemeji na Maoni ya Wanafunzi Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Imetoka! Albamu ya kwanza ya Pazia Fupi imetoka rasmi, na meneja wa Pazia Fupi ni mimi. Nyimbo nane. Hakuna kampuni nyuma yetu, hakuna mfadhili, hakuna studio ya maana. Tumerekodi kwenye stoo ya duka la mapazia, ndiyo asili ya jina. Nikisema tumerekodi nina maana wamerekodi. Mimi nilisimama nje ya mlango kuzuia watu wasipige hodi. Nilipiga chafya mara moja tu, wakalazimika kurudia.

Bendi yenyewe ni watu watatu. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu anayekaa kwetu, ndiye anayetunga na kuimba. Gitaa analipiga bwana tunayemwita Kimya, maana ukimsalimia asubuhi anakujibu jioni. Ngoma ni za dobi wa mtaa wa nyuma, ambaye hufanya mazoezi kwenye beseni.

Sasa tatizo. Shemeji ameitwa kazini kwenye ofisi ya bima, mji mwingine kabisa, na wanataka jibu Jumatatu ijayo. Leo amekaa mbele yangu, akasema bila kupepesa macho kwamba nimletee maoni ya wasikilizaji. Watu baki, si ndugu. Maoni ya kweli, si ya kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kama kuna hata mmoja aliyeguswa, atabaki. Kama hakuna, anakwenda zake bima na Pazia Fupi ife salama.

Ife! Bila bendi mimi ni nani? Mwalimu wa udereva mwenye gari kongwe kuliko yote shuleni. Kwenye shughuli zote za ukoo nimeshajitambulisha kama meneja wa wasanii. Nimeogopa, nakiri hapa na si kwingine.

Lakini mpango ninao. Wanafunzi wangu wanaingia ndani ya gari, wanafunga mkanda, hawana pa kukimbilia. Wasikilizaji gani bora kuliko hao? Nimechomeka flashi yenye albamu kwenye redio ya gari. Inaanza yenyewe ukiwasha injini. Mke wangu ameuliza kama mimi nimeshaisikiliza. Nimemwambia meneja ana mambo mengi.

Jumanne, 5 Machi

Siku ya maoni. Kichwa kinaniuma.

Wa kwanza kinyozi. Nimempeleka hadi sokoni na kurudi. Akishuka nikamuuliza ameonaje muziki. Kasema mzuri, ila nyimbo zote zinafanana. Nikamwona hana masikio, kazi ya mashine za kunyolea siku nzima itakuwa imeyamaliza.

Wa pili muuguzi. Kasema sauti ya yule dada ni tamu mno, lakini mbona anaimba kandambili, kandambili, safari nzima? Hana viatu vingine?

Wa tatu mwalimu wa hesabu, mtu wa kufikiri. Huyu ndiye nilimtegemea. Akaniuliza kwa heshima zote kama albamu ina wimbo mmoja uliokatwakatwa vipande.

Sielewi! Ni kweli wimbo wa kwanza unaitwa Kandambili Moja, unahusu mtu aliyepoteza kandambili ya kushoto na mchumba siku hiyo hiyo. Lakini ziko nyimbo nane. Nilikuwa na watu hawa ndani ya gari lile lile, na bado siwezi kuapa nilisikia nini. Kazi yangu ni kukanyaga breki ya upande wangu, kupiga kelele "Klachi!", na kutoa mkono dirishani kuomba radhi kila gari linapozima. Nalo linazima! Kinyozi amelizima getini, kwenye taa, na mbele ya gari la taka. Muuguzi hakuvuka njia panda hata moja bila kulizima. Mwalimu wa hesabu alilizima likiwa limesimama, sijui aliwezaje.

Jioni shemeji akataka habari. Nikamwambia wasikilizaji wanasema albamu ina msimamo. Akauliza msimamo maana yake nini. Nikasema haiyumbi. Akasema haya, shemeji, asante. Sikuipenda asante ile.

Jumatano, 6 Machi

Otomatiki! Nilijua tu kuna mkono wake.

Otomatiki ni mwalimu mwenzangu. Amepewa gari jipya, lile lisilo na klachi, na tangu apewe anatembea kama mwenye shule. Leo nimemkuta ana flashi ya albamu YETU ndani ya gari lake. Nikamuuliza kaipata wapi. Kasema shemeji yangu alimpa mwenyewe, getini, baada ya yeye kumwomba vizuri. Hata mimi sikuombwa ruhusa!

Si hilo tu. Wanafunzi wake wanashuka wakiimba. Kijana wa benki kashuka anapiga mluzi, nikamuuliza anapiga mluzi gani, kasema ule wimbo wa ngazi. Ngazi zipi? Mwingine kasifu wimbo wa jirani anayekaanga vitunguu. Vitunguu! Kisha akashuka Mama Vifungo, yule mjane anayeuza vifungo na zipu karibu na posta. Macho mekundu. Kaniuliza mimi, meneja, ni nani yule anayeimba wimbo wa shati.

Albamu ninayoijua mimi ni ya kandambili. Hakuna ngazi, hakuna kitunguu, hakuna shati.

Mchana nikaenda dukani kwa Mama Vifungo kupeleleza. Nikajifanya natafuta kifungo cha koti. Akaniuliza rangi, nikasema yoyote, akaniuliza matundu mawili au manne, nikachanganyikiwa nikasema matatu. Akaniangalia. Nikauliza huo wimbo wa shati ni wa ngapi. Kasema wa mwisho kabisa, halafu akageuka kupanga zipu ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Nimefika nyumbani na jibu. Otomatiki ameingiza nyimbo za watu wengine kwenye flashi, wanafunzi wake wasifu, shemeji avutiwe, na umeneja uhamie kwake. Nimemweleza mke wangu. Akasema nile kwanza.

Jumatano, yaani Alhamisi, 7 Machi. (Ona, hata siku zimenipotea.)

Nimeamua kujibu mapigo. Kama Otomatiki anachakachua nyimbo, mimi nitatengeneza maoni. Si uongo. Ni kuwasaidia watu waseme wanachotaka kusema ila hawajui.

Nimemfundisha kinyozi sentensi moja nzuri: nyimbo hizi zina ladha mbalimbali na zimenigusa hasa. Nikawasha simu irekodi, nikamwambia aseme huku anaendesha, ili isikike ya kawaida. Kosa! Kinyozi hawezi kufanya mambo mawili. Akafika kwenye mbalimbali, akasahau klachi, gari likaruka, likazima, lori nyuma likapiga honi. Mimi nikapiga kelele. Redioni kandambili ikaanza. Muuguzi naye akajitahidi, lakini alisema ladha yake imenigusa hasa klachi.

Nikasikiliza, nikaona inafaa ukizingatia sauti ya mtu wala si maneno. Nikampelekea shemeji.

Aliisikiliza yote, amesimama. Mwishoni, mahali nilipodhani nimekata, sauti ya kinyozi ikasema, "Mwalimu, nimesema vizuri?" Na sauti yangu ikamjibu, "Safi, ila rudia pale kwenye kuguswa."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinirudishia simu kwa mikono miwili, akasema aliniomba mtu mmoja tu wa kweli. Mmoja tu, shemeji. Akaingia chumbani. Mke wangu anasema amelishusha sanduku la safari toka juu ya kabati. Nimeona haya, na chai imenishinda.

Ijumaa, 8 Machi

Aibu imepita. Leo nina hasira, na hasira inanifaa zaidi.

Kwanza habari njema. Mama Vifungo kafeli mtihani wa udereva! Mwanafunzi bora wa Otomatiki! Inasemekana mtahini alimwambia asimame kwenye alama, akapita, akaambiwa tena, akapita tena, akazunguka uwanja mzima. Otomatiki kanuna hata salamu hataki. Nimempa pole kwa sauti ya juu, ofisi nzima isikie.

Pili, ushahidi. Otomatiki alipokwenda kunywa chai, nilipita karibu na gari lake nikijifanya nakagua upepo wa tairi. Nikainama upande mmoja, nikazunguka, nikainama upande wa pili. Mlinzi akaniuliza nimepoteza nini. Nikasema kifungo. Akainama na yeye! Ikabidi tutafute pamoja, tukakipata. Kifungo cha nani, sijui. Alipoondoka kuosha mikono nikachomoa flashi na kuitia ndani ya soksi.

Nimeitisha kikao cha dharura cha bendi kesho, stoo ya mapazia. Hapo ndipo Otomatiki atakapoumbuka, shemeji ataona nani anampenda na nani anamchezea, na sanduku litarudi juu ya kabati. Soksi inaniwasha lakini siivui.

Jumamosi, 9 Machi

Sijui niandikeje.

Wote walikuwepo. Shemeji amekaa juu ya marobota ya vitambaa, dobi na beseni lake, Kimya kwenye kona. Nikasimama katikati. Nikasema kwa muda sasa kumekuwa na njama. Nikavua kiatu, nikavua soksi, nikatoa flashi. Dobi akafungua dirisha.

Nikaichomeka kwenye redio ya duka, nikaruka hadi wimbo wa tano. Gitaa likaanza polepole, kisha sauti ya mwanamke ikaimba kuhusu ngazi za jengo ambalo lifti haifanyi kazi, na mtu aliyeacha kupanda kuja kumwona. Nikanyoosha kidole. Nikasema mnasikia? Sikilizeni hizi nyimbo za mitaani zilizoingizwa ndani ya kazi yetu! Nikasema hata anayeimba amejaribu kuiga sauti ya shemeji, lakini hajafikia.

Kimya kikatanda, halafu Kimya mwenyewe akafungua mdomo. Mara yangu ya kwanza kumsikia mwezi huu. Akasema, "Huo tumeupiga sisi."

Dobi akasema yeye alipiga beseni pale, lile la bluu.

Shemeji akaniuliza kwa upole kama nimewahi kuisikiliza albamu. Nikaruka! Nikasema naisikiliza kila siku, asubuhi hadi jioni, ndani ya gari, kuliko mtu yeyote duniani. Akasema sawa, wimbo wa pili unaitwaje?

Wa pili. Nikatazama dari. Nikasema Kandambili Mbili.

Dobi alicheka mpaka akashikilia pazia, pazia likaanguka. Wakati huo huo mlango ukafunguliwa, Otomatiki anatafuta flashi yake, mlinzi amemwambia. Alipoelezwa, hakunitukana. Alisema tu kwamba redio ya gari langu ni mbovu. Injini ikizima, redio nayo inazima, na ukiwasha inaanza upya toka wimbo wa kwanza. Na gari la klachi na wanafunzi wale, linazima kila baada ya hatua mbili. La kwake halizimi, ndiyo maana watu wake wanafika mwisho.

Wivu! Gari langu limefundisha nusu ya madereva wa mji huu. Nikamwambia aliheshimu.

Lakini shemeji hakuwa anatusikiliza tena. Alikuwa anakunja lile pazia lililoanguka, pembe kwa pembe. Akasema kama hata meneja wake hajaufikia wimbo wa pili, nani mwingine ataufikia? Akasema Jumatatu asubuhi atawapigia bima awaambie anakuja. Kisha akatoka.

Nilibaki na mguu mmoja peku. Nimeumia, na safari hii si kwa ajili ya umeneja. Nilimjua binti huyu akiimba na kijiko jikoni kwao, siku niliyokwenda kujitambulisha. Baba yake alimnyamazisha kwa ajili ya mgeni, nami nikasema mwache aimbe, mzee. Sijui kwa nini nimelikumbuka hilo leo.

Jumapili, 10 Machi

Hodi mchana. Mama Vifungo! Nikadhani amekuja kwa habari ya kile kifungo cha matundu matatu, nikajificha nyuma ya mlango wa jikoni. Kumbe ameelekezwa na Otomatiki, anamtaka mwimbaji. Mke wangu akamwita shemeji, aliyekuwa anapanga nguo kwenye sanduku.

Nimesikia yote toka jikoni.

Alisema amekuja kuomba radhi, maana amefeli mtihani kwa sababu ya wimbo. Amezoea kuendesha na redio, mtahini akamruhusu iwe chini chini. Wakafika kwenye alama, mtahini akamwambia asimame, na wimbo wa shati ulikuwa haujaisha. Akamwambia, "Subiri kidogo, baba, umalizike." Akazunguka uwanja. Mtahini akamfokea, akazunguka tena. Ulipomalizika akasimama vizuri kabisa, akaweka breki ya mkono, akaambiwa ashuke. Alishuka. Alisema hajuti.

Ule wimbo ni wa shati la marehemu baba yao, ambalo hadi leo linaning'inia nyuma ya mlango kule kwao na hakuna anayethubutu kulitoa. Hilo nalijua, maana nilipigilia mimi ule msumari. Sikujua kama limeimbwa.

Mama Vifungo akasema na kwake liko moja, la mume wake. Halafu akauliza kama lile la kwenye wimbo limekatika kifungo. Shemeji akasema ndiyo, cha pili toka juu, lakini kwenye wimbo sikulisema hilo. Mama akasema najua, mwanangu, mashati yao hukatika pale pale. Akafungua mkoba, akamwekea kifungo mkononi. Cheupe, matundu manne.

Shemeji alilia. Mke wangu alilia. Mimi nilishughulika na birika, ambalo halikuwa na maji.

Sanduku limerudi juu ya kabati! Nimelipandisha mwenyewe. Shemeji akanifuata uani akasema hatakwenda bima. Nikamuuliza, na meneja je? Akanitazama sana. Akasema nitabaki meneja, kwa sharti moja. Niisikilize albamu. Yote. Wimbo wa kwanza hadi wa nane, kwa masikio yangu, halafu nimpe maoni yangu ya kweli bila kumficha chochote. Anasema ni mimi niliyemtetea akiimba na kijiko, anataka kujua.

Nimeapa. Nimeapa mbele ya mke wangu.

Jumanne, 12 Machi

Nimetimiza ahadi!

Mke wangu alitaka nikae nyumbani na simu yake na visikilizio vya masikioni, nitulie kitandani. Nimekataa. Kwa nini nipoteze muda na gari lina redio? Otomatiki naye kajipendekeza, eti nikae kwenye gari lake wakati wa chakula. Ng'o! Najua anachotafuta.

Nimefanya kazi hii kitaalamu. Mwanafunzi wa leo alikuwa muuza nyama, siku yake ya kwanza. Nimemwambia leo sitaongea, aendeshe atakavyo, mimi nasikiliza. Nikafumba macho. Kila wimbo ukianza, nakunja kidole. Gari liliruka sana na honi zilikuwa nyingi, lakini sikufumbua macho. Ukianza mwingine, kidole kingine. Nilipofikisha vidole vinane nikamwambia muuza nyama azime gari. Akasema limeshazima, mwalimu.

Nane kamili! Hakuna aliyeiba, hakuna aliyeingiza, redio ni nzima. Otomatiki aniombe radhi.

Nilisubiri shati kwa moyo wote. Nilikuwa na kitambaa tayari mfukoni. Shati halikuja. Huenda limo ndani ya kandambili kwa mafumbo, hawa watunzi wana mambo yao. Wanawake wamelia, nami nawaheshimu.

Lakini shemeji ameomba ukweli, na mimi si mtu wa kumwangusha tena. Jioni hii nakwenda kumpa maoni yangu, kwa upole, ana kwa ana. Nimeshayafanyia mazoezi mbele ya kioo. Sauti tamu. Gitaa safi. Beseni limekaa mahali pake.

Ila zote zinafanana.